Ukija Desemba, usimsahihishe bibi

Mwanangu Manka,

Marahaba. Hapa Kibosho hatujambo, vuli imenyesha ya kutosha na migomba imependeza. Bibi yako ni mzima wa mwili. Tatizo ni kumbukumbu, kama ulivyomsikia kwenye simu.

Uliniuliza habari za ile dawa mpya ya Alzheimer, ugonjwa wa kusahau alio nao bibi. Ipo kweli, inaitwa lecanemab, na Marekani waliiidhinisha mwaka 2023. Inaondoa kwenye ubongo mabaka ya protini iitwayo amiloidi. Lakini isome mpaka chini, mwanangu: katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27, kwa wagonjwa walio mwanzoni tu, na inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Alichokwisha kusahau mtu hakirudi. Bibi ameshaivuka hatua hiyo, kwa hiyo hakuna haja ya kuuza kipande cha kihamba.

Hasa nimekuandikia kwa sababu ya lile neno lako, kwamba bibi siku hizi "anatunga". Zamani alisema usiku wa Uhuru, Desemba 1961, alikesha na kaka yake wakiutazama Mlima Kilimanjaro, ambako Mwenge wa Uhuru ulikuwa unapelekwa. Sasa anasema aliyekuwa naye ni babu yako, ukamrukia: mbona babu alikuwa hajakuoa!

Kabla ya kumhukumu, sikia hili kwanza: mwaka 2000 mtafiti Karim Nader na wenzake huko New York walimfundisha panya kuogopa mlio fulani, kwa kuufuatisha na shoti ya umeme. Baadaye wakamsikilizisha mlio ule tena, panya akakumbuka, akaganda kwa woga. Hapohapo wakamchoma ubongoni dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Siku iliyofuata mlio ukalia, na woga ulikuwa umepungua mno. Panya waliochomwa dawa bila kukumbushwa kwanza walibaki na woga wao uleule. Kumbe kumbukumbu ikiitwa hulegea, na ubongo hulazimika kuijenga upya ndipo itulie. Panya si bibi, na wataalamu bado wanabishana kuhusu jambo hili kwa binadamu. Lakini bibi ameusimulia usiku ule kwa zaidi ya miaka 60, misibani, harusini, kwenye mbege, na katika kuusimulia huko babu yako amepata upenyo akaingia. Huo si uongo. Mimi na wewe tulio wazima tunafanya vilevile, ila hatujapata mjukuu wa kutukamata.

Yupo mtu mwingine ninayemfikiria kila nikimtazama bibi. Henry Molaison, Mmarekani, alipasuliwa mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa, akakatwa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu, pande zote mbili. Kuanzia hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Ukitoka chumbani na kurudi, anakusalimia kama mgeni. Brenda Milner, mtafiti kutoka Kanada, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku hadi siku mkono ulizidi kuwa hodari, na kila siku Henry aliapa hajawahi kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo ujuzi wa mikono una ghala lake, mbali na lile la matukio. Henry alifariki mwaka 2008, baada ya kuchunguzwa kwa zaidi ya miaka 50.

Ugonjwa wa bibi ni mwingine, lakini yeye anayeuliza kila mara kama mbuzi wamekatiwa majani, mpe kisu na ndizi mshare uone. Anamenya haraka kuliko mama yako, maganda membamba, wala haangalii.

Basi ukifika usianze na "Bibi, unanikumbuka? Mimi nani?" Huo ni mtihani, na akishindwa anaona aibu mbele ya wajukuu. Sema, "Shikamoo bibi, ni Manka nimekuja," halafu kaa naye jikoni, mmenye ndizi za mtori. Akikuanzishia ya usiku wa Uhuru, muulize babu alivaa nini. Kaka zako nimeshawaambia, ingawa yule mdogo bado anacheka.

Nauli nimekutumia kwenye simu jana. Kata tiketi mapema, unajua mabasi ya Moshi yanavyojaa Desemba, na kama pesa imepungua niambie kabla ya Ijumaa.

Baba yako