Shoga, nimeenda kuiona ile nyumba ya wazee

Shoga yangu wa Maskati,

Asalaam aleikum. Voisi zako zote nimezisikiliza na nimeenda kule ulikonituma, ile nyumba ya kulipia ambako kaka yako anataka kumpeleka mama yenu. Sikupiga simu kabla, nimejitokeza tu saa sita na nusu mchana, mana nyumba inayolea wagonjwa ukitaka kuijua nenda saa ya chakula, au jumapili jioni wakubwa hawapo. Ukipiga simu wanakupangia, shuka jipya, wazee wamepakwa mafuta, na we unarudi umefurahi.

Kabla sijakwambia nilichokiona nitoe hili. Hao shangazi zako wanaosema mnamtupa mama, usiwabebe moyoni. Mtu mzima aliyepooza upande mzima anataka mikono zaidi ya miwili, kugeuzwa usiku, kuoshwa, kulishwa taratibu, na pale nyumbani Makorora saa hizi yuko na binti wa kazi peke yake, mtoto wa watu, mgongo wenyewe ushaanza kumuuma. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema familia ndo ya kwanza kumtunza mzee na makazi yawe ndo njia ya mwisho, sawa, mi pia naamini hivo, lakini familia yenyewe mmoja Maskati mmoja Dar mmoja Arusha. Na yale makazi ya serikali ni ya wazee wasio na mtu kabisa, wanapelekwa na ustawi wa jamii, mama mwenye watoto watatu hapokelewi. Kwa hiyo kaka yako kutafuta pa kulipia hajakosea. Swali ni je, hapa anapotaka kulipia wanatunza kweli?

Meneja kanipokea vizuri, kanizungusha. Vigae vinang'aa, tivii kubwa sebuleni, bustani, wazee wanne wamekaa barazani wanapiga soga. Nikamwambia asante, sasa naomba nimuone asiyeweza kuinuka. Akasita kidogo. Mi nimefanya kazi wodini miaka mingi shoga, najua mzee anayetembea na kusema hakosi kitu, akinyimwa chai atapiga kelele mtaa mzima usikie. Mama yako baada ya kiharusi hasemi ikaeleweka. Kwa hiyo wa kumuangalia ni yule aliye kama yeye, huyo ndo atakwambia nyumba ikoje.

Wakanipeleka kwa bibi mmoja chumba cha mwisho. Nikamsalimia, shikamoo bibi, nikamuomba ruhusa nimtazame miguu, akaniitikia kwa macho. Shuka kavu, pampasi kavu, harufu ya mkojo hakuna, kucha zimekatwa, hapo nikasema alhamdulillahi. Nikainua kisigino cha kulia. Kuna doa kama sarafu, jeusi kuliko ngozi ya pembeni yake, nikiligusa lina joto na gumu, nikilibonyeza halibadiliki. Hicho ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Wengi wanasubiri waone wekundu, na ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu, zinakoza tu, inabidi utumie mkono. Pale panapogusa kitanda damu haipiti, nyama inakufa ndani kwa ndani, siku ngozi inapasuka shimo lishafika mbali. Na dawa yake si ghali, ni kumgeuza kila baada ya masaa mawili hivi na kumuwekea mto chini ya muundi ili kisigino kielee. Mto haukuwepo. Nikawaonyesha palepale, na huyo bibi nitarudi kumuona hata kama mama haendi kule.

Nikauliza usiku wanakaa wangapi. Mmoja. Nyumba nzima mtu mmoja, na kugeuza mtu mzima bila kumburuta kunataka watu wawili, ukimburuta unamchuna ngozi, sasa huyo mmoja atamgeuza nani amuache nani, na akianguka mzee choo cha mwisho atamsikia saa ngapi? Tena zamu nyingine huyo mmoja ni kijana wa kiume. Niseme kweli hapo ndo moyo ulinivunjika. Mama aliyesomesha watoto wa watu miaka yote ile, mtu wa stara, hata hospitali alikuwa hataki nesi wa kiume amfunge presha, leo abadilishwe pampasi usiku na kijana asiyemjua na hawezi hata kusema sitaki? Hapana shoga.

Jingine dogo ila linasema mengi. Jagi la maji lilikuwa limejaa, na kikombe, vyote juu ya meza upande wa kulia, na huyo bibi kulia ndo kumepooza. Yani mtu kaja asubuhi, kaweka maji, kahesabu kazi imeisha. Ulimi wa bibi ulikuwa mkavu. Wazee kiu hawaisikii sana kama sisi, kwa hiyo maji wanapewa, hawasubiriwi waombe, na joto hili la kaskazi unalijua.

Sasa usije ukadhani hamna watu mule. Kuna binti mmoja, mdogo tu, nimemtazama akimlisha mzee mwingine nikatamani nimchukue. Kanawa mikono, kamwambia babu nakuinua sasa, kamkalisha wima kabisa na mito, sio ile ya kulaza mtu nusu halafu unamsukumia uji. Kijiko kidogo, anaweka upande wa mdomo ulio mzima, anasubiri ameze, anamtazama koo, halafu ndo kijiko kingine. Alipomaliza kamsafisha kinywa akitoa mabaki yaliyojificha shavuni, na hakumlaza, kasema anamuacha akae nusu saa. Mwenye kiharusi chakula kinapotea njia kinaingia mapafuni, nimonia ndo inawamaliza wengi, na mdomo mchafu unazidisha. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema alimuuguza bibi yake huko Pangani. Kwa hiyo nyumba haikumfundisha, kaja nayo. Akiondoka yeye, ameondoka nayo.

Chati ya dawa nimeomba kuiona. Ilikuwa saa saba mchana, na vidonge vya presha vya jioni vishapigwa tiki kuwa vimetolewa! Nikamuonyesha meneja, akasema wanajaza mapema kupunguza kazi. Basi siku kidonge kisipotolewa nani atajua? Na mama presha ndo iliyomfikisha alipo. Pia nikauliza siku ya kliniki nani anaenda naye hospitali ya Bombo na nani anarudi na maneno ya daktari, jibu likawa dereva.

Mambo ya hela sitayarefusha, muambie kaka aandikiwe kila kitu, pampasi na dawa na usafiri viko ndani ya bei au nje, na mama akilazwa hospitali mwezi huo analipiaje.

Maoni yangu ni kwamba asiende mwezi huu. Sio kwamba ni watu wabaya, usafi upo na mchana wanajitahidi, ila usiku wake haumtoshi mtu wa hali ya mama. Meneja nimemwambia mbele ya mhasibu wake kwamba tutamleta wakikubali haya: usiku wawe wawili na mmoja awe mwanamke, anayemuosha na kumbadilisha mama awe mwanamke siku zote, siku anaingia ngozi yake ikaguliwe mwili mzima tukiwepo na iandikwe, apimwe uzito siku hiyo na kila mwezi. Uzito usiudharau. Mama ana kama kilo 60, akipungua 3 ndani ya mwezi mmoja basi halishwi vizuri au anaumwa, na hiyo mizani haina haya ya kumwambia mtu ukweli. Na la mwisho turuhusiwe kwenda saa yoyote bila taarifa. Hilo la mwisho alikubali haraka, la usiku kasema atamuuliza mwenye nyumba.

Wakikataa, mi nina njia. Tumuongezee yule binti wa Makorora mtu wa pili, mama mtu mzima mwenye nguvu, wapokezane, nitakaa nao wiki nzima niwafundishe kugeuza, kulisha, kutazama visigino na kitako na nyonga, na yule wa mazoezi ya viungo aje nyumbani. Sijapiga hesabu kamili lakini sidhani kama itazidi ile ada mliyotajiwa, na mama atabaki anasikia adhana ya msikiti wake na jirani zake wanaingia kumjulia hali, wale wanaomuita mwalimu. Kule wote ni bibi tu.

Wewe na kaka zako pangeni pia nani anakuja lini, hata wakimuweka pazuri vipi. Mzee anayetembelewa anaangaliwa zaidi, nimeliona wodini sana, sio haki lakini ndo ilivyo. Siku zangu mi ni jumanne na ijumaa baada ya swala, hizo nimezichukua, msizihesabu.

Mpigie kaka leo leo, mana aliniambia anataka kutuma hela ya kianzio ijumaa na wakishapokea hawarudishi, nimeisoma kwenye fomu yao. Picha ya hiyo fomu nakutumia nikipata bando.

Wasalimie watoto.

Mimi shogako, Tanga