Barua ya wazi kwa Waziri wa Magereza: mfungwa asikodishwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu kampuni binafsi zinazotaka kutumia nguvu kazi ya wafungwa. Sipingi mfungwa kufanya kazi. Anayeshinda bure miaka mitano hutoka gerezani hana ujuzi wala akiba, na haichukui muda kabla hajarudishwa. Ninachopinga ni serikali kumkabidhi kwa mtu anayetafuta faida.

Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaruhusu aliyehukumiwa na mahakama afanyishwe kazi chini ya usimamizi wa serikali, ila asikodishwe kwa mtu binafsi wala kampuni. Wataalamu wa shirika hilo wameacha mlango mmoja tu: mfungwa akubali kwa hiari yake, na masharti ya kazi yakaribiane na ya mfanyakazi huru.

Hapo kwenye hiari ndipo penye utata. Fomu ya ridhaa iko mezani, askari ameketi, mfungwa amesimama. Askari huyo ndiye mwenye kuandika taarifa ya nidhamu, ile itakayotazamwa siku ya kufikiriwa punguzo la kifungo. Nani atathubutu kusema hataki? Ndiyo maana naomba ukaguzi uanze na waliokataa. Wako wapi leo? Kama wamehamishwa, au wamezuiwa kuonana na ndugu zao, basi saini za waliokubali hazina thamani yoyote.

Haya si mambo ya kubuni. Marekani ilipiga marufuku utumwa mwaka 1865, lakini marekebisho hayohayo ya katiba yakaacha upenyo kwa aliyehukumiwa kwa kosa. Majimbo ya kusini yakawakodisha wafungwa, wengi wao watu weusi, kwenye migodi na ujenzi wa reli. Wengi walikufa, kwa kuwa mwajiri hakupata hasara yoyote: aliletewa mwingine. Alabama iliacha mtindo huo mwaka 1928.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka anayepewa wafungwa alipe ujira kamili wa kazi hiyo, na mfungwa naye apate malipo ya haki: sehemu aitumie, nyingine aipeleke nyumbani, nyingine awekewe hadi atoke. Akiumia kazini, alipwe fidia kama mfanyakazi wa uraiani. Ujira kamili unamlinda pia huyo wa uraiani, maana kampuni ikipata mikono ya bei poa gerezani, yeye ndiye wa kwanza kupunguzwa. Vyama vya wafanyakazi vina haki ya kupiga kelele.

Na mahabusu, Mheshimiwa, wasiguswe kabisa. Hao hawajahukumiwa.

Kabla hujatia saini mkataba wowote, uchapishwe wote, pamoja na kiasi kitakachomfikia mfungwa mwenyewe mkononi, na wakaguzi wa kazi waruhusiwe kuingia bila kutoa taarifa.

Wako mwaminifu,
Raia