Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Arusha: nitrojeni ipo Usa River, kinachokosekana ni tanuri

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: OMBI LA VIFAA VYA KUTENGENEZA SUPAKONDAKTA

Sisi ni walimu wa fizikia na mafundi wa maabara, Arusha. Supakondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote, huwafikia wanafunzi wetu kama picha tu, kwa maelezo kwamba hiyo ni fizikia ya nchi tajiri. Maelezo hayo yalikwisha nguvu mwaka 1987.

Kabla ya hapo yalikuwa kweli. Heike Kamerlingh Onnes alipoona zebaki ikipoteza ukinzani mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, ilikuwa kwenye kelvini 4.2, yaani karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi hiyo aliipata kwa heliamu ya kimiminika, ambayo aliitengeneza 1908 na kwa takriban miaka 15 hakuna maabara nyingine iliyoiweza. Mwaka 1933 Meissner na Ochsenfeld walionyesha kwamba supakondakta huufukuza usumaku kutoka ndani yake. Nadharia ya Bardeen, Cooper na Schrieffer, inayoeleza kwa nini ukinzani hutoweka, ikaja 1957. Lakini hadi mwanzoni mwa 1986 rekodi ilikuwa bado kama kelvini 23. Mwaka huohuo Bednorz na Müller, karibu na Zurich, wakaipita kwa oksidi ya shaba, kitu cha jamii ya kauri. Mwanzoni mwa 1987 makundi ya Wu na Chu, Marekani, yakafikia takriban kelvini 93 kwa oksidi ya itriamu, bariamu na shaba.

Nitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye kelvini 77, chini ya hizo 93, hivyo inatosha kuipoza oksidi hiyo hadi iwe supakondakta. Ndiyo hiyohiyo inayohifadhi mbegu za madume ya ng'ombe katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River.

Kidonge chenyewe cha oksidi hiyo hutengenezwa hivi. Kwa gramu 10 za mchanganyiko, pima oksidi ya itriamu gramu 1.51, kaboneti ya bariamu 5.29 na oksidi ya shaba 3.20. Saga pamoja kwenye kinu kidogo hadi rangi iwe moja, kisha choma kwenye chombo cha alumina (kauri inayostahimili moto) kwa nyuzi 920 za Selsiasi usiku kucha. Saga tena, choma tena. Halafu kandamiza unga uwe kidonge, ukichome kwa nyuzi 940 huku oksijeni ikipita.

Wengi huharibu wakati wa kupooza. Kidonge kikitoka tanurini kingali moto sana, hubaki na upungufu wa oksijeni na hakiwi supakondakta hata ukizamishe kwenye nitrojeni siku nzima. Kishushwe polepole, kikae saa kadhaa kati ya nyuzi 500 na 400, oksijeni ikiendelea kupita, maana hapo ndipo kinapoinywa. Rangi ya kijani ikijitokeza, vipimo vilikosewa au tanuri lilizidi moto. Kidonge kizuri ni cheusi, nacho kitunzwe pakavu kwa sababu unyevu hukila.

Kupima kunahitaji nyaya nne: mbili za kupitisha mkondo, mbili za kusoma volti. Ukitumia mbili tu, unasoma ukinzani wa viungio, na sifuri huioni kamwe. Kwa mkondo wa miliampia 100 volti zinazosomwa ni za maikrovolti, hivyo mita ya kawaida ya fundi umeme haitoshi.

Usalama hauna mjadala. Kaboneti ya bariamu ni sumu ikimezwa: glavu, barakoa, na chakula kisiingie chumbani. Lita moja ya nitrojeni hutoa karibu lita 700 za gesi. Chombo kilichozibwa hupasuka, na chumba kilichofungwa hukosa hewa ya kupumua. Madirisha yawe wazi.

Tunaomba maabara moja tu, itakayotumiwa kwa zamu na shule zote: tanuri la nyuzi 1000 linaloweza kupangiwa kasi ya kupoa, mtungi wa oksijeni, mizani ya kupima hadi sehemu ya mia ya gramu, mita ya maikrovolti, na mtungi wa nitrojeni wa lita 10. Pia tunaomba barua yako kwa Kituo cha Usa River, tuuziwe nitrojeni kila muhula. Mafunzo ya walimu tutayatoa sisi bila malipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Walimu wa fizikia na mafundi wa maabara, Arusha