Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: si kila tumbo linalouma ni taifodi

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Salaam. Mimi ni mteknolojia wa maabara, mmoja wa wale wanaokaa nyuma ya kidirisha cha kupokelea sampuli. Nakuandikia kuhusu watu wenye tumbo lisilopona, wanaopewa jina la taifodi ilhali baadhi yao wana ugonjwa mwingine wa utumbo uitwao IBS.

Unawajua, Daktari. Mama wa miaka thelathini na kitu anaingia na bahasha ya majibu ya zamani, na kabla hajakaa anasema, "Nipime taifodi, imerudi tena." Tumbo linamkata, linajaa gesi, akienda chooni anapata nafuu. Wiki hii anaharisha, wiki ijayo hapati choo. Antibiotiki ya sipro ameshameza, dawa za amiba ameshameza, vidonda vya tumbo ameshatibiwa. Hakuna aliyemuuliza maumivu yalianza lini.

Basi nampima Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Tone la seramu (majimaji ya damu) kwenye kadi nyeupe, tone la kitendanishi (dawa ya kupimia), nachanganya, naizungusha kadi kwa dakika moja, naangalia kama chembe zinashikana, ishara kwamba damu ina kingamwili, yaani kinga za mwili dhidi ya bakteria. Zikishikana naandika kiwango chake, 1:80 au 1:160, na mama anaondoka na taifodi yake. Wewe unajua, nami najua, kwamba kingamwili hizo zinaweza kubaki tangu maambukizi ya zamani, au kuamshwa na bakteria wengine wa jamii ya Salmonella. Palipo na taifodi nyingi, sampuli moja haithibitishi kitu. Wa kuaminiwa ni uoteshaji wa damu, yaani kuwaotesha bakteria wenyewe kutoka kwenye damu. Widal ni kipimo cha mwaka 1896, na bado tunakitoza watu pesa. Kikipungua, mapato ya maabara binafsi yatapungua pia, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya ukimya wetu.

Baadhi ya wagonjwa hawa wana IBS (kwa Kiingereza irritable bowel syndrome): utumbo ukitazamwa ni mzima, lakini mara nyingi hisia zake zimezidi. Mwaka 1973 mtafiti Ritchie alichapisha matokeo ya kujaza hewa puto dogo ndani ya utumbo mpana. Lilipofika mililita 60, karibu vijiko vinne vya chakula, watu 55 katika kila 100 wenye ugonjwa huu walisikia maumivu. Kwa wasio nao, walikuwa 6. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa "majibu safi, huna kitu, ni mawazo tu" amekosea kuyasoma. Mawazo huyazidisha maumivu, kwa kuwa ubongo na utumbo hupashana habari muda wote, lakini maumivu yenyewe ni ya kweli.

Sikuombi maputo. Hata kwingine hicho ni kipimo cha utafiti, maana wapo wagonjwa ambao hisia zao hutoka za kawaida. Ninachoomba ni waraka wa ukurasa mmoja kwa zahanati na vituo vya afya, unaosema kwamba IBS hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa. Vigezo vya Roma vya 2016, vigezo vya kimataifa vya kuutambua ugonjwa huu, vipo: maumivu angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yaliyoanza miezi 6 nyuma au zaidi, na yenye mambo mawili kati ya haya: kuhusiana na kwenda choo, choo kubadilika idadi, choo kubadilika umbo. Picha kamili ya damu ifanyike, choo kipimwe kwa anayeharisha, na kalprotektini (kipimo cha choo kinachoonyesha uvimbe wa utumbo) pale inapopatikana. Mwenye damu kwenye choo, aliyepungua uzito bila sababu, mwenye upungufu wa damu, homa, anayeamshwa usiku na kuharisha, au ambaye ndugu yake wa damu amepata saratani ya utumbo mpana, huyo apewe rufaa mara moja, asiambiwe ana IBS.

Waraka utaje na tiba. Amitriptilini, dawa inayojulikana zaidi kwa kutibu sonona, kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 usiku, ilisaidia kwenye utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2023, na wagonjwa wale walitibiwa na madaktari wa kawaida, wala si mabingwa. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu.

Na ukishausaini, tafadhali nakala ielekezwe maabara pia, isiishie kwa madaktari. Wengi wanakuja kwetu moja kwa moja, hawajaonana na daktari yeyote, na kipimo wanachokitaka wameshakichagua nyumbani.

Wako katika kazi,
Mteknolojia wa maabara, Morogoro