Wito wa Harambee: Tumpeleke Mwinjilisti Wetu Chuoni

Wapendwa wana wa parishi yetu mlioko hapa Kano, Kisumu mjini, Nakuru, Nairobi na kwingineko, Bwana asifiwe.

Mwinjilisti wetu amepata nafasi katika chuo cha theolojia, kusomea diploma ya miaka mitatu. Masomo yanaanza Septemba. Karo ya mwaka wa kwanza pamoja na malazi ni shilingi 96,000. Mpaka tunapoandika haya mfuko una shilingi 41,500, na kati ya hizo 30,000 amezileta yeye mwenyewe baada ya kuuza ng'ombe mmoja wa jembe. Ninyi mliozaliwa huku mnajua ng'ombe wa kulima hufungwa wawili. Huyo aliyebaki hawezi kuvuta jembe peke yake.

Kamati iliposikia habari hiyo iliinamisha kichwa. Mtu anayelipwa posho isiyofikisha mwisho wa mwezi ametoa kuliko sisi sote tukijumlishwa. Hatusemi haya kumtahayarisha mtu. Tunayasema kwa sababu ni kweli na yanatuuma.

Kwa walio mbali, hali iko hivi. Kasisi wetu ni mmoja na makanisa anayoyahudumia ni mengi, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada huongozwa na mwinjilisti. Anasoma sala, anahubiri, anatembelea wagonjwa, anazika. Lakini Meza ya Bwana hawezi kuiandaa, kwani katika Kanisa letu la Kianglikana hiyo ni kazi ya kasisi aliyewekewa mikono. Mvua za masika zikija, Mto Nyando ukafurika na barabara ikageuka tope jeusi, kasisi hafiki. Masika yaliyopita mzee wetu mmoja, aliyebeba mawe ya msingi wa kanisa hili akiwa kijana, alilala kitandani akiomba Ushirika Mtakatifu. Mwinjilisti alivuka maji kwa miguu akamsomea Zaburi na kumwombea. Mzee akashukuru, kisha akauliza, "Na mkate?" Tulimzika kabla barabara haijafunguka.

Wengine mmeuliza: mtu anayehubiri vizuri hivi anaenda kusomea nini tena? Anaenda kusoma Agano la Kale na Jipya kwa utaratibu, historia ya Kanisa, ibada na sakramenti, uandaaji wa mahubiri, na namna ya kukaa na mfiwa au na ndoa inayovunjika bila kuongeza madhara. Siku hizi mtu hununua kipaza sauti leo na kesho anajiita nabii, na tumeona wajane wakiachwa bila mbuzi wala kuku. Sisi tunataka mchungaji aliyefundishwa, aliyepimwa, na anayewajibika kwa askofu wake. Tuseme wazi pia kwamba akimaliza hataanza moja kwa moja na Meza. Ataanza kama shemasi, na ukasisi utafuata baadaye. Ndiyo maana hatuwezi kuahirisha mwaka mwingine.

Kuna swali jingine linalosemwa pembeni, na tunalijibu hapa hadharani. "Tukimsomesha, si askofu atampeleka kwingine?" Inawezekana. Lakini makasisi waliotubatiza sisi walisomeshwa na nani? Si sisi. Chuo cha Mtakatifu Paulo cha Limuru, kilicholea makasisi wengi wa nchi hii, kilianza mwaka wa 1903 kule Frere Town, Mombasa, kabla wamishonari hawajafungua shule pale Maseno mwaka wa 1906. Festo Olang', mtoto wa Bunyore aliyesoma Maseno, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka wa 1955, na mwaka wa 1970 akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Kenya. Bunyore hawakumfungia nyumbani. Parishi yetu imekula matunda ya sadaka za watu wengine miaka yote hii, na haijawahi kusomesha hata mtumishi mmoja. Zamu yetu imefika.

Uwezo tunao. Upepo ulipong'oa mabati mwaka wa 2021, mlituma pesa kabla hatujamaliza kuandika barua, na ibada ya Krismasi ikafanyika chini ya paa jipya. Umoja wa Akina Mama wamekwisha kuahidi magunia mawili ya mchele yatakayopigwa mnada siku hiyo. KAMA, chama chetu cha wanaume Waanglikana, bado hawajasema neno, nasi tunawasubiri kwa heshima.

Harambee ni Jumapili ya pili ya Agosti, baada ya ibada ya saa nne. Asiyeweza kufika atume mchango kwa M-Pesa kupitia nambari ya kanisa, ile ile ya mabati. Nambari ya mtu binafsi isikubaliwe hata ukiambiwa ni ya mwenyekiti. Kila mchango utaandikiwa risiti, karo italipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na mweka hazina atasoma hesabu kanisani Jumapili inayofuata.

Chuo kiko nyanda za juu, kwenye baridi asiyoizoea. Aliye na blanketi zito, sweta, au Biblia yenye itifaki (orodha ya maneno na mistari yanamopatikana) asiyoitumia, amkabidhi mzee wa kanisa wa mtaa wake kabla ya mwisho wa Agosti.

Wenu katika Kristo,
Kamati ya Harambee