Supachaja iliyotuniwa Nairobi haijawa tayari kwa Mombasa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwazungumzie wenye magari ya spoti, pamoja na mafundi wanaowahudumia, kuhusu jambo linaloua injini nzuri katika jiji hili. Toyota 86, Subaru BRZ, Mazda MX-5 na Nissan Z zimekuwa za kawaida barabarani, na wengi wanaozimiliki hawatosheki na nguvu za kiwandani. Wanaagiza seti ya supachaja, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kutoka ng'ambo, wanalipa ushuru, gari linafungwa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu liko Thika Road. Kufunga chuma chenyewe hakumshindi fundi makini mwenye vifaa. Kazi kubwa iko kwenye kutuni, yaani kurekebisha kompyuta ya injini, na kwenye hewa ya Nairobi, na hapo ndipo wengi wanapokatiza njia.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama baa 0.82, ilhali Mombasa ni 1.01. Injini isiyo na supachaja hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu: Toyota 86 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 200 hapa inatoa kama 165. Kwa hivyo kiu ya supachaja naielewa. Lakini supachaja huzungushwa na mkanda kutoka kwenye krenki, mhimili mkuu wa injini, na tofauti na tabo, inayozungushwa na moshi wa ekzosti, haina namna ya kujiongezea kasi ili kufidia hewa nyembamba. Inachofanya ni kuzidisha shinikizo inalolikuta nje kwa kipimo kilekile. Seti inayotoa baa 0.5 ikiwa pwani inazidisha hewa mara 1.5 hivi. Hapa, 0.82 mara 1.5 ni 1.23, na geji, inayoonyesha tu shinikizo lililozidi hewa ya nje, itasoma 0.4.

Mwenye gari akiona 0.4 anadhani ameuziwa mali mbovu. Fundi, ili kumridhisha, anamchongea puli ndogo mpaka sindano irudi 0.5. Sasa supachaja inazidisha mara 1.61. Joto la hewa inayotoka hufuata kiwango cha kuzidisha, wala halijali geji inasema nini. Hewa ikiingia na nyuzijoto 25 kwenye supachaja yenye ufanisi wa asilimia 70, kwa puli ya kwanza inatoka na nyuzijoto 77 hivi. Kwa puli ndogo inatoka na 87, kabla ya kufika kwenye intakula, kifaa cha kuipoza. Kisha gari hilohilo likishuka Mombasa, 1.61 mara 1.01 inakuwa 1.63. Geji inasoma zaidi ya 0.6, juu ya injini kama ya 86, ambayo kompresheni yake (ubano wa hewa ndani ya silinda) tangu kiwandani ni 12.5 kwa 1. Aliyetengeneza seti ile hakukusudia hivyo.

Hata asiyebadilisha puli hajanusurika. Kompyuta ya injini huweka kiasi cha mafuta na taimingi, yaani wakati wa cheche, katika jedwali: upande mmoja mizunguko kwa dakika, upande wa pili mzigo wa hewa. Gari likiwa kwenye dainomita, mashine ya kupima nguvu, hapa Nairobi, hata ukikanyaga pedali mpaka chini, injini haifikii visanduku vya mzigo wa pwani, kwa kuwa hewa hiyo haipo. Fundi anarekebisha vile anavyovifikia. Vya juu vinabaki na nambari za kukisia, au zilizonakiliwa kutoka gari la mtu mwingine nchi nyingine. Mwenye gari anateremka Emali, Mtito Andei, Voi. Kila mita 300 anazoshuka, shinikizo la hewa linapanda asilimia 3 na zaidi. Akifika Mariakani akataka kulipita lori, injini inaingia kwenye kisanduku ambacho hakuna aliyewahi kukijaribu. Taimingi ikiwa imezidi pale kwa digrii 3 au 4, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake. Kwa mizunguko 6,000, ekzosti ikinguruma, mlio wa kugonga hausikiki ndani ya gari. Kinachovunjika mara nyingi ni ule ukingo mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi mbili. Dereva anaona moshi wa buluu na oili kupungua, anaambiwa supachaja ndiyo mbaya.

Dawa ipo, na haihitaji mashine mpya. Visanduku vya juu visiachwe wazi. Fuata mwelekeo wa vile vilivyopimwa, kisha ondoa digrii 3 nyingine za taimingi na uongeze mafuta kidogo katika mchanganyiko, lambda 0.78 au 0.80 (kipimo cha hewa kwa mafuta; chini ya 1 mafuta yamezidi). Kwa supachaja ya aina ya feni, ambayo shinikizo lake hupanda pamoja na mizunguko, wekea injini kikomo cha mizunguko 5,500 katika safari ya kwanza ya pwani. Kwa ile ya rota mbili, inayojaza hewa tangu chini, kikomo hicho hakitoshi. Zuia ufunguzi wa throto (mlango wa hewa) wenyewe kupitia kompyuta. Rekodi safari nzima: mizunguko, mzigo, lambda, joto la hewa inayoingia, sensa ya kugonga. Rekodi hiyo irudi kwa fundi, arekebishe visanduku vilivyoguswa, ndipo kikomo kiondolewe. Kwa wasiotaka kwenda mbali, barabara ya Magadi inashuka hadi takriban mita 600 kabla ya kufika ziwani, na rekodi ya huko, bila kuvunja sheria ya mwendo, inaonyesha mengi.

Kuhusu petroli, watu wanakosea nambari. Kitabu cha seti ya Marekani kikisema okteni 91, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati, hicho si kipimo kinachotumika kwetu. Marekani huchukua wastani wa vipimo viwili, na 91 yao ni kama 95 au 96 kwa RON, kipimo chetu. Anayesoma 91 na kujiambia kwamba Super yoyote inatosha, amejipunguzia kinga bila kujua. Kuna pia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya biashara hiyo, na mamlaka ya nishati, EPRA, hupima vituo, lakini injini yenye supachaja haivumilii hata mchanganyiko mdogo, kwa sababu mafuta ya taa hushusha okteni vibaya. Nunua kituo kimoja chenye wateja wengi, na utuni kwa petroli ya kituo hichohicho.

Karatasi ya dainomita nayo isomwe vizuri. Mashine nyingi huchapisha nguvu "zilizosahihishwa" kana kwamba gari liko usawa wa bahari, na kwa mwinuko wetu usahihisho huo huongeza karibu asilimia 20. Muulize fundi nambari ghafi. Seti iliyotangazwa kuwa inatoa farasi 280 hapa itakupa kama 230. Bado ni farasi 65 zaidi ya ulizokuwa nazo, na mtu anayekuambia ukweli huo kabla hujalipa ndiye wa kumwamini.

Kabla ya hata bolti moja kufunguliwa, injini ipimwe. Kompresheni hupimwa injini ikiwa imepata joto, throto ikiwa wazi kabisa, mafuta yakiwa yamekatwa. Hapa pia mwinuko unadanganya: kitabu kikisema baa 14, injini nzima kabisa itasoma 11 na kidogo Nairobi. Usiikatae kwa hilo. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi asilimia 10. Kisha kipimo cha hewa inayovuja kutoka kwenye silinda: chini ya asilimia 10 endelea, ikizidi 20 rudi nyumbani ukatengeneze injini kwanza.

Plagi zibadilishwe ziwe baridi zaidi kwa hatua moja. Kwa NGK nambari inapanda, mfano 6 kwenda 7. Nafasi ya cheche ipunguzwe kutoka milimita 1.0 au 1.1 hadi 0.7, la sivyo shinikizo litazima cheche na gari litakuwa linakohoa juu. Injekta, zinazopuliza mafuta, nazo zina hesabu yake: injini ya silinda 4 yenye injekta moja kwa kila silinda, ikilenga farasi 300, inahitaji injekta za kama sentimita za ujazo 550 kwa dakika ili zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda. 86 na BRZ zina injekta mbili kwa kila silinda, moja kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) na moja ndani ya chemba, kwa hivyo hesabu yao ni tofauti na wanaotuni wasizichukulie kama injini ya kawaida.

Manifoldi ikitolewa, midomo ya silinda izibwe mara moja kwa vitambaa safi vinavyoonekana, vyenye rangi kali, na vihesabiwe vikiingia na vikitoka. Nati moja ikitumbukia ndani, gharama yake ni injini nzima. Gasketi ziwe mpya. Bolti zinazoingia kwenye aluminiamu zikazwe kwa spana ya torki, kwa nambari ya kitabu cha seti, kuanzia katikati kwenda nje. Mkono wa fundi, hata awe mzoefu namna gani, haupimi torki.

Mkanda ndio unaorudisha magari gereji kuliko kitu kingine. Puli zote lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Weka rula ya chuma ya kunyooka kati ya ya krenki na ya supachaja, na ukiona pengo la zaidi ya milimita 1, rekebisha kwa vipete vya chuma kabla ya kuwasha injini. Mkanda unaoteleza una dalili zake: unga mweusi kwenye boneti, mlio wa kufoka ukikanyaga, na kwenye rekodi shinikizo linapanda vizuri halafu linalala au kushuka baada ya mizunguko 5,500 hivi. Watu hukaza tenshona, kifaa cha kukazia mkanda, mpaka beringi zinalia. Mara nyingi shida ni kwamba mkanda haujaikumbatia puli ndogo vya kutosha, na suluhisho ni kuongeza puli ya kuelekeza.

Hewa inayotoka kwenye karteri, sehemu ya chini ya injini yenye krenki na oili, iangaliwe. Vali ya kupumua ya kiwandani haikuundwa kwa shinikizo. Isipowekwa vali ya njia moja, hewa ya supachaja inaingia kwenye karteri na kusukuma sili za krenki nje. Oili ikionekana nyuma ya injini siku chache baada ya kufunga, anza hapo kabla ya kulaumu sili.

Intakula ya maji inataka kutolewa hewa kwa subira. Inua mbele ya gari, fungua kifuniko cha tangi lake, washa pampu bila kuwasha injini, na ungoje mpaka maji yazunguke bila mapovu. Hewa ikibaki ndani, gari litakuwa sawa asubuhi, halafu katika foleni ya Uhuru Highway saa kumi na moja jioni joto la hewa inayoingia litapita 60 na kompyuta itavuta taimingi nyuma. Dereva ataona gari limekuwa zito.

Supachaja ya Rotrex ina oili yake yenyewe, na tangi lake dogo. Ndani yake nguvu hupitishwa kwa rola zinazogusana kupitia oili hiyo, kwa hivyo oili ya injini au ya gia otomatiki ikitiwa humo rola zinateleza na kuungua. Hakikisha inazunguka na kurudi kwenye tangi injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa, kabla ya kupandisha mizunguko.

Kuna pia vijifeni vya umeme vinavyouzwa mtandaoni kama supachaja, vya volti 12. Kusukuma hewa ya injini ya farasi 300 kwa kipimo cha 1.5 kunahitaji zaidi ya kilowati 10, yaani ampea 800 na zaidi kutoka betri ya gari. Alteneta ya gari dogo hutoa kama 100. Msitupe pesa.

Mwisho, kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kabla gari halijatoka gereji. Logbuku inaonyesha ujazo wa injini, na supachaja haiubadilishi, ndiyo maana wengi hunyamaza; lakini bima husimama juu ya kutoficha jambo la maana, na ajali ikitokea mkaguzi hufungua boneti. Na mteja asilipe salio bila kukabidhiwa vitu vitatu: faili la programu iliyowekwa kwenye kompyuta, rekodi ya mikanyago ya mwisho ikionyesha lambda na kugonga, na karatasi inayosema kipenyo cha puli na ni visanduku gani vya mzigo vilivyopimwa na vipi vilivyokisiwa.

Fundi wa injini,
Industrial Area, Nairobi