Kwa mdogo wangu anayekuja Limerick: usianzie uwanjani

Mdogo wangu,

Habari za huko, na baba mdogo anaendeleaje na mguu? Huku hatujambo, ni baridi tu. Nakujibu hapa hadharani badala ya WhatsApp kwa sababu tangu upate chuo Limerick, huku Ireland, umeniuliza lilelile ambalo wengine huniuliza kila wakiona picha zangu: hizo shoo za rock unaenda kufanya nini, dada, na mtu anaanzia wapi? La kwanza sina jibu zaidi ya kwamba napenda gitaa likipigwa kwa nguvu. La pili nina maneno mengi, kaa chini.

Umesema unataka kuanza na Croke Park, halafu Slane. Naelewa. Croke Park, uwanja mkubwa wa michezo hapa Dublin, inachukua watu 82,300 na bendi ya U2 wamepiga pale toka 1985. Slane ni kasri kando ya mto Boyne, kwenye kaunti ya Meath, lenye mteremko wa majani unaobeba watu 80,000. Thin Lizzy, bendi ya rock ya hapa Dublin, ndio waliofungua pazia pale mwaka 1981, wakisindikizwa na hao hao U2 wakiwa bado vijana wadogo. Metallica wamepita hapo 2019, Harry Styles 2023. Ni sehemu zenye historia, sibishi. Lakini kwa kimo chako utakachoona ni migongo ya watu na skrini. Sauti inachukuliwa na upepo, tiketi mara nyingi inavuka euro 100, na kijiji cha Slane hakina treni, kwa hiyo shoo ikiisha kuna kutembea na kungoja basi usiku wa manane pamoja na umati mzima. Uwanjani watu wengi wanaenda ili waje waseme walikuwepo. Wewe anza na ukumbi mdogo, mdogo kabisa, ambao ukinyoosha mkono unakaribia kumgusa mpiga besi.

Na bahati yako unakuja Limerick. Kuna baa inaitwa Dolan's, Dock Road, karibu na mto. Mbele ni baa ya kawaida ambako utakuta watu wazima na fidla zao wakipiga muziki wa kienyeji. Nyuma kuna ukumbi wanaouita Warehouse, na humo ndimo bendi zinazozunguka nchi hupiga. Nchi hii ni ndogo, mwendo wa saa tatu hivi kwa basi unakufikisha karibu kila mji mkubwa, kwa hiyo bendi inaweza kupiga Galway Alhamisi, Limerick Ijumaa na Dublin Jumamosi. Ukishayajua majina ya kumbi umeshaijua njia yao: Róisín Dubh kule Galway, Cyprus Avenue kule Cork, Dolan's kwenu, Whelan's hapa Dublin, Limelight kule Belfast.

Hapo kwenye Belfast nisikilize vizuri. Barabarani hakuna geti wala mtu wa kukugongea muhuri, na marafiki zako wa Kiayalandi watakuambia twende tu. Wao wanaenda tu. Wewe na pasi yetu ya Tanzania, viza ya Ireland haikuruhusu kuingia Ireland ya Kaskazini. Ile ni Uingereza na inataka viza yake. Askari wa huku, Garda, hupanda mabasi yanayorudi kutoka kaskazini na kuuliza vitambulisho. Usipoteze chuo kwa ajili ya gitaa.

Sasa nikueleze Whelan's, ndiko utakakonikuta mimi. Ipo Wexford Street, imekuwa ikipigisha muziki toka 1989. Unapita baa ya mbele, unaingia mlango wa pembeni, unajikuta kwenye chumba chenye jukwaa la kimo cha goti na roshani juu. Wakijaa sana ni kama mia tano hivi. Sakafu inanata bia. Pale mbele kabisa unaona hadi karatasi ya orodha ya nyimbo iliyobandikwa chini kwa plasta, imeandikwa kwa kalamu nene ili mwimbaji aisome gizani, na wimbo mmoja umekatwa na mwingine kuchomekwa pembeni kwa mwandiko mbaya. Unamwona mpiga ngoma akimkonyeza mpiga besi kabla ya mdundo kubadilika. Kamba ya gitaa ikikatika unaona hofu usoni mwa mpigaji, halafu mwenzake anaanza kuongea utani wowote ili kuvuta muda. Na kwa hayo yote umelipa euro 15, 20, sana sana 30.

Unakumbuka baba mdogo alivyokuwa hakosi dansi la bendi ya Sikinde? Anasogea hadi jukwaani na noti, anamtuza mwimbaji kwenye paji la uso, watu wanashangilia. Huku hakuna kutuza, usije ukapanda jukwaani na euro tano. Lakini pembeni karibu na mlango kuna meza yenye fulana, santuri na mifuko ya kitambaa, na shoo ikiisha anayeuza pale mara nyingi ni yule yule aliyekuwa anaimba, bado anatiririka jasho, na mashine ya kadi mkononi. Nunua fulana. Bendi ndogo haishi kwa pesa ya intaneti, inakula kwa hiyo meza. Na ukinunua mnaongea. Nimeshaulizwa pale natoka wapi, nikasema Tanzania, tukaishia kubishana kuhusu magitaa ya Kikongo mpaka mlinzi akatufukuza.

Wala usidhani bendi za ukumbi mdogo ni bendi ndogo milele. Fontaines D.C. ni vijana waliokutana chuo cha muziki hapa Dublin, wakaanzia kwenye baa kama hizi, wakatoa albamu ya kwanza 2019, na Desemba 2024 walikuwa wanajaza 3Arena, ukumbi wa watu 13,000 uliokuwa zamani stoo ya mizigo ya reli. Waliowaona baa hawaachi kukusimulia, wanachosha kwelikweli. Mimi ni mmoja wao.

Saa. Hili litakusumbua maana tumezoea tangazo kuandika saa mbili na mwimbaji kupanda jukwaani saa nane usiku. Huku saa iliyo kwenye tiketi ni ya milango kufunguliwa. Milango saa mbili, bendi ya kusindikiza saa mbili na nusu, wenyewe saa tatu na ushee, na saa tano kamili taa zinawashwa, kwaheri. Ukifika saa nne ukijiona umewahi, umekula hasara ya nusu ya shoo. Na hiyo bendi ya kusindikiza usiidharau. Wengi hubaki baa wakati wao wanapiga, ndiyo maana mbele panakuwa wazi na unachagua pa kusimama.

Wakiimba wimbo wa mwisho usikimbilie koti. Watatoka, watu watapiga miguu na kuimba "olé, olé, olé" kama wako mpirani, nao watarudi. Wanajua watarudi, kila mtu anajua, na bado watu wanaimba kama kuna shaka.

Tiketi kata mwenyewe kwenye tovuti ya ukumbi au ya muuzaji wanayemtaja wao. Bei utakayoona mwanzo siyo utakayolipa, kuna ada inachomoza mwishoni. Shoo ikijaa usikimbilie walanguzi wa Facebook. Toka 2021 kuna sheria inayokataza kuuza tiketi kwa zaidi ya bei yake halisi kwenye kumbi za kuanzia watu 1,000, na adhabu yake inafika euro 100,000 au kifungo cha miaka miwili. Kwa hiyo anayekuuzia tiketi ya euro 60 kwa 200 ama anavunja sheria ama hana hiyo tiketi kabisa. Watu wakighairi huuza kwa bei ile ile kupitia mfumo wa muuzaji mwenyewe. Chungulia asubuhi ya siku ya shoo. Beba kitambulisho chenye picha na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu shoo nyingi za ndani ni miaka 18 na kuendelea, na kadi ya chuo mabaunsa wengi hawaitaki. Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, hasa kwenye kumbi kubwa.

Pombe siyo lazima. Kuna bia zisizo na kilevi, kuna soda, hakuna atakayekuuliza. Ila wana desturi ya kununuliana kwa zamu, kwa hiyo ukikubali kinywaji cha mtu jua zamu yako inakuja. Ukisema mapema "mimi najinunulia" hawachukii. Ndani hakuna moshi, wamepiga marufuku toka 2004, nchi nzima, wakawa wa kwanza duniani. Wavutaji wanasimama uani, na hata kama huvuti, uani ndiko watu wanakoongea. Urafiki wangu mwingi wa huku umeanzia kwenye ule moshi.

Kuna kitu umekizungukazunguka kwenye meseji zako bila kukitaja, nami nakitaja. Ndiyo, mara nyingine utakuwa wewe peke yako mweusi ukumbini. Utaangaliwa kidogo, zaidi ni udadisi. Mtu akikuuliza kwa mshangao, "na wewe unapenda rock?", mpeleke Harry Street, pale pembeni ya Grafton Street. Pamesimamishwa sanamu ya shaba, mtu mrefu mwembamba mwenye nywele za kwetu na gitaa la besi. Ni Phil Lynott wa Thin Lizzy. Baba yake alitoka Guyana, mama yake wa Dublin. Alizaliwa West Bromwich 1949 na kulelewa na bibi yake Crumlin, mtaa wa wafanyakazi hapa Dublin, wakati ambapo mtoto mweusi mtaani alikuwa kioja. Alifariki Januari 1986 akiwa na miaka 36. Sanamu iliwekwa 2005, na sijawahi kupita pale nikakosa mtu anapiga naye picha. Ukirudi nyuma kwenye ile Slane ya kwanza, aliyesimama mbele na besi ni yeye. Kwa hiyo usiingie ukumbini ukijibana kama mgeni kwenye sherehe ya watu.

Limerick penyewe hapakosi watu wetu. Denise Chaila alizaliwa Zambia, akakulia huku, na albamu yake ilipata tuzo ya Choice, ile ya albamu bora ya mwaka ya Ireland, mwaka 2021. Kabla yake waliipata Rusangano Family, mmoja wao mzaliwa wa Zimbabwe na mwingine wa Togo, wote wa upande wa Limerick. Hao ni wa kuchana, siyo rock, lakini wanapanda majukwaa haya haya. Na The Cranberries unawajua toka redio ya nyumbani. Ule wimbo wao wa 1994, "Zombie", unaoupigia kelele bafuni, umetokana na bomu la Warrington, Uingereza, lililoua watoto wawili 1993. Usiwaombe watu wa Limerick wakuimbie kwa utani. Dolores O'Riordan, mwimbaji wao, alikufa 2018 na bado wanamlilia.

Kuhusu usalama, mbele katikati vijana wanaweza kuanza kusukumana kwa makusudi, wanarukiana vifua. Siyo ugomvi. Mtu akianguka wanamnyanyua mara moja, hiyo ni kanuni yao na wanaifuata. Kama hutaki, simama pembeni karibu na ukuta au nyuma kwenye meza ya fundi mitambo, ambako kwa kweli ndiko sauti ilikopangwa isikike vizuri zaidi. Nyuma kabisa usikae, ni kwa wapiga soga, na Waayalandi kwa soga wanaweza kufunika spika. Vaa viatu vilivyofungwa mbele. Nunua vizibo vya masikio, duka la dawa wanavyo, euro chache tu. Mimi masikio yalilia wiki nzima mara moja na sitaki tena. Shoo za nje wakati wa kiangazi, kama zile za King John's Castle hapo kwenu, mwavuli hawaruhusu. Koti la mvua, hata jua likiwaka. Electric Picnic, ile ya Stradbally ya kulala kwenye mahema, iache mpaka mwakani, uwe na gambuti na marafiki wa kushika nao hema.

Ukija Dublin kwa shoo usitegemee treni ya kurudi, ya mwisho kutoka Heuston inaondoka watu wakiwa bado wanaimba. Utalala kwangu. Tukitoka tunapita kwa Wachina kununua spice bag: chipsi, kuku wa kukaanga, vitunguu, pilipili, vyote vimetikiswa kwenye mfuko wa karatasi. Ni chipsi kuku zenye kiburi.

Nitumie tarehe ya ndege ukishaipata. Nitaangalia ratiba ya Dolan's ya Oktoba na kukukatia moja, yoyote yenye magitaa mawili na jina usilolijua. Usiitafute YouTube kabla ya kwenda.

Wasalimie wote, na mwambie baba mdogo zile CD za Sikinde azifunge vizuri kwenye begi lako, kuna mtu Whelan's nimemwahidi.

Dada yako,
Dublin